Pua ya Idara na Udi wa Bi Umulkheir

Watu wote wa Amu na visiwa vyake, wakubwa kwa wadogo, wajulishwe kwamba kuanzia leo makaa ni shehena hatari.

Tangazo hilo Bwana Kamaludin alilibandika gatini kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyelisoma kwa raha kama yeye. Alikuwa mkuu wa Idara ya Shehena Hatari Baharini, Tawi la Visiwani, idara yenye meza moja, stoo moja na muhuri mzito. Sheria za dunia zilikuwa zimebadilika: makaa yakirundikwa ndani ya meli huweza kujiwasha yenyewe. Waliolengwa ni wenye meli. Lakini meli zinazotia nanga upande wa Kililana zina ubavu mrefu, na idara haikuwa na ngazi ya kuzipandia. Kwa hiyo Bwana Kamaludin aliona busara kuanza na vikapu vya akina mama.

Jumatatu alikataza makaa. Jumanne, baada ya kutafakari, akakataza kila kinachochomwa juu ya makaa. Jumatano akaongeza kipengele alichokipenda kuliko wanawe: chochote chenye harufu ya kilichokatazwa, kiwe kitu au mtu, raia au afisa, kitafungiwa stoo mpaka mwenyewe aje akitambue na kukichukua. Neno "afisa" alilitia kwa ajili ya urembo tu. Siku ya pili yake Mkurugenzi alikuwa anashuka kwa ndege Manda, akitafuta mtu mwenye msimamo wa kumkabidhi pwani nzima. Bwana Kamaludin alikuwa na msimamo mpaka shingo inamuuma.

Mtambo wa kupima mivuke uliagizwa, likafika kasha lake tupu. Idara haikutetereka, iliajiri pua. Pua ya kwanza ilifutwa kazi kwa kosa la kushikwa na mafua. Ya pili ilikuwa ya Bwana Amini, mtu mzima mwenye familia, aliyenusa hata abiria waliokuwa bado hawajafika gatini.

Ndiye aliyemkamata Bi Umulkheir wa Wiyoni, Jumatano hiyo hiyo, na kopo la udi. Binti yake Nusra alikuwa anaolewa Kililana siku ya pili, na udi ule mama ameupika mwenyewe. Amu kila nyumba ina mapishi yake ya udi, na wa Bi Umulkheir hunukia mitaa mitatu. Watu hujua ana wageni kabla wageni hawajavua viatu.

"Hii ni shehena hatari, Bi," alisema Bwana Kamaludin.

"Hatari ya nini, Bwana? Siku ya arusi yako ulifukizwa udi uu huu."

"Enzi hizo sheria ilikuwa haijabadilika."

"Na mwanangu kesho anuke nini? Ngisi?"

"Taratibu hazina mzaha. Utaitwa."

Bi Umulkheir akaenda zake, machozi yakimlenga. Alasiri hiyo Bwana Kamaludin alichukua sampuli ya udi, nusu ya kopo, kwa uchunguzi zaidi wa nyumbani. Koti la suti lilichunguzwa juu ya chetezo. Suruali nayo ikachunguzwa. Matokeo yalikuwa mazuri sana.

Alhamisi boti ya Manda ilikuwa inamngoja Bwana Kamaludin akampokee Mkurugenzi, na pembeni yake boti ya arusi imejaa wanawake walionuna. Kabla hajatokeza kwenye kona, vichwa vyote vikageuka.

"Wallahi, udi wa Umulkheir huo!"

Amini akanusa mara moja. Akanusa tena, akiomba Mungu apate mafua.

"Samahani, mkubwa. Unanukia."

"Asante."

"Hapana, mkubwa. Unanukia kisheria."

"Mimi ni afisa!"

"Umetajwa. Baada ya raia."

Amini aliikumbuka pua iliyomtangulia, akamshika mkubwa wake mkono, akampeleka stoo na kutia komeo.

Mkurugenzi alishuka Manda, asione mtu wa kumpokea, akajivukia mwenyewe na jua lake la utosi. Alipoelezwa, hasira zikamwisha. Tangu aanze kazi hajapata kuona sheria ikimgusa afisa. Akaagiza utaratibu ukamilishwe: mwenye mali aitwe atambue.

Stoo ikafunguliwa. Kopo lilikuwa kwenye rafu. Chini yake Bwana Kamaludin amekalia gunia la makaa, suti imelowa, jasho linanukia arusi.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "tambua kilicho chako."

Bi Umulkheir akainama, akanusa kola ya koti. Akalichukua kopo, akalitikisa, akasikia lilivyopungua.

"Udi ni wangu," alisema. "Hicho kitu kingine sikiyui."

Akapanda botini na kopo lake, vigelegele vikaanza. Kitu kingine kikafungiwa tena, kimsubiri mwenyewe.