Pengo Lifungwe Kabla ya Sendofu

Jumatatu, 1 Desemba
Hili sijamwambia mtu. Hata kwenye sala nimelizungukazunguka tu. Naongeza vipira! Dokta Albano alining'oa jino ili chonge lisogee nyuma lizibe pengo. Kanifunga waya wa meno, kanipa na vipira vidogo vya kulivuta, nivae kimoja. Kimoja! Sendofu ya dada Eufrazia, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ni tarehe ishirini na mpambe wake ni mimi. Mama mkubwa kaonya: "Mpambe wa kuziba mdomo na kiganja, watu watadhani tuna msiba." Binamu yangu Hope, meno yamenyooka kama yamepigwa rula, alisikia. Akatabasamu. Yote nje.
Leo nimevaa vitatu.

Alhamisi, 4 Desemba
Taya linawaka moto. Nakunywa uji tu. Mama ananitazama tumbo. Nimemwapia kuwa sina mimba, naupenda uji. Maumivu ni ishara njema: nguvu mara tatu, mwendo mara tatu. Hiyo ni fizikia.

Jumapili, 7 Desemba
Pengo liko palepale. Nimeongeza kipira cheusi cha kusukia nywele. Kanisani, kwenye noti ya juu, kikafyatuka! Kikatua shingoni kwa Mzee Adelard wa sauti ya besi. Akajipiga kofi, akalaani mbu wa huku kwetu Goba. Niliimba kwa bidii kuliko wote.

Jumatano, 10 Desemba
Aibu. Dokta kapima, kamwita mwenzake aje aone. Chonge halijasogea. Magego ya nyuma, yaliyopaswa kutulia yalivute, ndiyo yamekuja mbele! Eti nguvu ikizidi, damu inabanwa kwenye mfupa na jino linaganda. "Mwanangu, jino halikokotwi. Linabembelezwa." Nirudi kwenye kipira kimoja, pengo litafungwa mwakani. Mwakani! Kabla hatujatoka getini, Mama alishampigia mama mkubwa. Jumanne ndiyo siku ya kupima gauni. Hope kaambiwa naye aje, ikibidi alivae yeye.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimeyatafakari sana maneno ya dokta. Nimekuwa mjinga kweli. Nguvu kubwa, jino linagoma. Nguvu ndogo, linatembea. Basi bila nguvu kabisa litakimbia! Kipira nimekivua. Waya nao unalibana bure, nimeshaukata upande mmoja kwa koleo la baba. Chonge linacheza kidogo, nadhani ni furaha. Kufikia Jumanne litakuwa limefika.
Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba: Hope asijue. Ataniiga.