Nati za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba

Mama ametoa hukumu. Ameitoa mbele ya chai na viazi vitamu, bila kupandisha sauti, na ndiyo maana naiogopa.

Jumapili kanisa letu la hapa Roret linatimiza miaka hamsini. Siku lilipofunguliwa, marehemu Baba alimpeleka Mama kwa gari lake la Dodge. Basi anataka kurudi na gari lile lile. Atakayemfikisha, mimi au mdogo wangu Mosoti, gari ni lake. Likishindwa kutoka hapa, Jumatatu Okoth wa vyuma chakavu analibeba na lori. Mama anasema amechoka kuona kuku wakilala kwenye kiti cha mume wake.

Mosoti alicheka. Alisema ana gari lake aina ya Noah, lina viti vya kutosha na heshima, na Okoth amekaribishwa. Mimi sikucheka. Dodge ya mwaka wa 1969! Milango miwili, usukani kushoto, injini inayonguruma hadi kuku wa mke wangu Rodah wanasahau kutaga. Mhandisi Mmarekani wa kiwanda cha chai alimwachia Baba, dereva wake, aliporudi kwao. Baba akamfundisha Mosoti kuliendesha. Mimi nikapewa kitambaa cha kulipangusa. Nina miaka sitini na moja na jambo hilo bado linaniuma.

Kinachokosekana ni kimoja tu: magurudumu. Dodge imekaa juu ya mawe miaka tisa. Mama anaamini yaliibwa. Kila jioni huwaombea wezi hao watubu, au wavunjike miguu. Mwizi ni mimi. Niliyauza kwa Kiptum, jirani anayebeba maji kwa mkokoteni wa punda. Mawili yanatembea, mawili ameyaweka akiba ghalani. Tulikubaliana asipite mbele ya lango la Mama. Miaka tisa punda wake anazunguka kwa njia ya mtoni!

Siku sita. Kichwa hiki hakijawahi kuniangusha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeenda kwa Kiptum kwa unyenyekevu. Alinipa mursik, maziwa ya kuganda, akaniita mzee, akauliza hali ya Mama. Magurudumu, hapana. Anasema yamezoeana na punda. Tena Jumapili amepewa kazi ya kubeba viti vya wageni hadi kanisani. Nilikunywa mursik yote kwa hasira.

Kumbe Mungu hafungi milango yote! Kufika nyumbani nikamkuta Mosoti na begi. Anaenda Nairobi, binti yake anahitimu chuo. Anaenda kwa basi. Noah anaiacha hapa kwa Mama, chini ya turubai, na atarudi Jumapili asubuhi. Akaniomba, mbele ya Mama, niilinde.

Nikasema nitailinda kama mboni ya jicho langu.

Saa kumi nilikuwa chini ya turubai na kamba ya kiatu. Noah ina bolti tano. Dodge ina bolti tano. Nikapima nafasi kati ya bolti na bolti, huku na kule, mara tatu. Sawa sawa kabisa! Rodah aliinama akauliza ninafanya nini humo. Nikamjibu ninalinda.

Jumatano, 5 Novemba

Noah iko juu ya mawe. Turubai limeshuka hadi chini, huwezi kujua. Nimemwita Calvince, fundi wa magari hapa sokoni. Tukalipeleka gurudumu la kwanza kwenye Dodge, bolti zikaingia kwenye matundu yake, moyo ukaruka.

Halafu likakwama. Tundu la katikati la rimu ni dogo. Kitovu cha Dodge ni kinene, hakipiti. Kimezidi upana wa kidole tu. Kidole!

Calvince akafuta mikono, akasema Mungu mwenyewe amekataa, turudishe vitu vya watu. Nikamwambia mjini Litein kuna fundi wa kukereza vyuma na mashine yake inaweza kupanua tundu lolote. Akauliza kama Mosoti anajua. Nikamwambia Mosoti ni ndugu yangu wa tumbo moja, na kati ya ndugu si kila kitu lazima kijulikane. Akanitazama sana. Sipendi fundi anayetazama.

Alhamisi, 6 Novemba

Litein. Rimu nne kwenye bodaboda, mvua juu yangu mwendo mzima. Fundi wa kukereza aliuliza mara mbili kama ni zangu. Nikasema ni za familia. Mashine ikalia, vyuma vikaruka, nikafumba macho.

Sasa haiwezekani kurudi nyuma. Fundi anasema zikirudi kwenye Noah zitacheza, na gari litatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nimelifikiria hilo njiani. Mosoti huendesha polepole. Huenda asigundue. Barabara ya kwake ni mbovu hata hivyo.

Sikula chakula cha jioni. Rodah anafikiri ni mafua.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ndefu. Naandika nikiwa na wasiwasi, lakini ni wasiwasi wa mtu mwerevu.

Asubuhi magurudumu yaliingia! Nikatoa nati za zamani za Dodge, nilizozificha kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Calvince akakaza zote. Kweli gari linaonekana kama ndovu aliyevaa patipati, lakini limesimama kwa miguu yake. Nikaliwasha, nikazunguka ua mara mbili. Mama alitoka mlangoni akashika mashavu. Kwa dakika moja nilimwona akiwa msichana. Nikaapa moyoni kwamba gari hili haliendi kwa Okoth.

Kisha Calvince akaanza mambo yake. Anadai gari hili la zamani lina ujanja: nati za upande wa kulia zinakazwa kwa kuzungusha kulia, kama kawaida, lakini za upande wa kushoto zinakazwa kwa kuzungusha kushoto. Eti kinyume! Eti ziko hivyo tangu kiwandani, na nisizishike kabisa. Nikaitikia tu. Nimefungua na kufunga vitu tangu kabla hajazaliwa. Chupa, mitungi, mifereji. Vyote vinafungwa kulia.

Saa tisa, balaa. Mosoti huyo langoni! Sherehe imeisha mapema, na amekosa usingizi akifikiria Mama. Akaenda moja kwa moja kwenye Noah, mkono ukashika turubai. Nikapiga kelele kwamba kuna nyuki. Nikasema kundi zima limeingia chini jana, yuko mrina asali anakuja Jumatatu. Mosoti huogopa nyuki tangu utoto, alipoumwa kwenye shamba la Boito na kuvimba hadi Mama akashindwa kumtambua. Akarudi nyuma hatua kumi. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Kisha akaiona Dodge. Akatazama magurudumu, akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema rafiki wa Kericho. Akasema yanafanana na yake. Nikasema magurudumu yote ni duara.

Lakini saa kumi na moja nikaona kitu. Mosoti na Calvince kwenye ukuta wa jiko, wakinywa chai, wakicheka. Nikakumbuka! Hawa huimba besi pamoja kwenye kwaya ya kanisa, bega kwa bega. Kila kitu kikawa wazi. Fundi gani mwaminifu anakaza nati kinyume? Huyu ametumwa. Amezilegeza za kushoto, na kunitisha nisizishike.

Nikasubiri aondoke. Nikachukua spana. Nati kumi za upande wa kushoto, nikazungusha kulia, kama Mungu alivyopanga. Kila moja ilikataa mwanzoni, ikalia kwii, halafu ikakubali. Mwishowe zilikuwa zinazunguka laini kabisa. Mzunguko mzima kila moja!

Hujuma imezimwa. Leo nalala na funguo za Dodge.

Jumapili, 9 Novemba

 Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama aliingia saa mbili, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani, upande wa kulia. Rodah alikataa kupanda. Alisema yeye na miguu yake wanaelewana. Mosoti alikuwa anaoga. Nikatoka langoni kabla hajamaliza.

Barabara inashuka katikati ya mashamba ya chai, kisha inapanda kanisani. Watu walisimama kando wakipunga mikono. Nikapiga honi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, naandika wazi. Usukani wa Baba mikononi mwangu!

Kabla ya kona ya kwanza, usukani ukaanza kutikisika. Mama akasema anasikia ko-ko-ko. Nikamwambia ni uzee wa gari. Akasema yeye ana uzee zaidi na hagongi.

Ko-ko-ko ikazidi. Kwenye kioo nikaona bodaboda inakuja mbio, na nyuma yake Mosoti, shati halijafungwa, sabuni masikioni, anapunga mikono yote miwili. Amefunua turubai! Nilipaswa kusimama. Nilijua napaswa kusimama, na Mama alikuwa ameshika dashibodi. Nikakanyaga mafuta.

Gurudumu likatupita upande wa kushoto. Liliteremka barabarani peke yake, limenyooka, bila haraka. Nikajiuliza ni la nani.

Kisha pua ya Dodge ikaanguka upande wangu. Chuma kikalia kwenye lami, cheche, gari likageuka, likaingia ndani ya chai na kusimama. Matawi yalijaa dirishani. 

Nikamwita Mama. Hakujibu. Nikamwita tena. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na mkono juu ya Biblia, na mimi nikalia, mtu mzima, nikasema Bwana chukua gari, chukua kila kitu, niachie huyu. Mara ya tatu akafungua jicho moja, akauliza kama tumefika.

Mosoti alifika akipiga mayowe, lakini hakunishika shati. Alishika mkono mmoja wa Mama, mimi nikashika mwingine, tukamtoa. Hana hata mkwaruzo. Gurudumu lilikuwa limevuka mtaro na kupotelea kwenye chai ya jirani. Saa tatu kasoro, ibada inaanza, na Mama hawezi kupanda mlima ule kwa miguu. Bodaboda hapandi, aliapa zamani.

Hapo nikasikia kengele ya punda. Kiptum! Na viti vyake vya wageni. Njia ya mtoni imejaa maji kwa mvua, kwa hiyo leo amepita barabara kuu. Nilimfanyia ishara ageuze. Akadhani namsalimia, akapunga mkono.

Tulimkalisha Mama kwenye kiti cha plastiki juu ya mkokoteni. Alipokuwa anapandishwa, akatazama chini. Rimu za kijani. Kijani kile kile cha mlango wa nyumba yetu, kwa sababu Baba alimalizia rangi ya mlango kwenye magurudumu. Akatazama rimu muda mrefu. Akamuuliza Kiptum ameyapata wapi. Kiptum hajui kudanganya, huo ndio ubaya wake. Akasema aliuziwa na mzee Nyaberi, yaani mimi, mwaka wa tisa sasa.

Mama akaamuru twende kanisani. Mimi nilisukuma mkokoteni kwa nyuma.

Wakati wa ushuhuda alisimama. Akasema miaka tisa ameombea wezi fulani wavunjike miguu, na leo anaomba Mungu asijibu, kwa kuwa amemfahamu mwizi. Akamwomba asimame ili kanisa limsamehe. Nikageuka nyuma kutazama nani atasimama. Kanisa lote lilikuwa linanitazama mimi.

Kisha akatangaza. Aliahidi gari kwa atakayemfikisha. Magurudumu ya mume wake ndiyo yaliyomfikisha, na mwenye magurudumu ni Kiptum. Gari ni la Kiptum. Makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni besi.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana jioni vijana wa kanisa waliiburuta Dodge hadi uani. Okoth alikuja na lori, akarudi na lori tupu.

Saa nne Kiptum alifika na punda wawili na magurudumu manne ya kijani. Calvince aliyafunga kwenye Dodge. Nilisimama nikiangalia. Upande wa kushoto alizungusha kushoto tena, bila aibu! Niliposema, watu wote waligeuka, na Rodah akaichukua spana mkononi mwangu kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Chuma cha usukani kimepinda kidogo na Kiptum hajui kuendesha, kwa hiyo punda walifungwa mbele. Ikahitajika mtu wa kushika usukani. Mama akamwita Mosoti. Noah yake bado iko juu ya mawe, lakini aliingia kama aliyezaliwa humo. Mama akakaa kulia. Watazunguka soko lote la Roret.

Halafu Mama akatoa kichwa dirishani akaniita. Nilikimbia. Nilidhani amebadilisha mawazo. Akanipa kitambaa. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi.

Nimekipangusa. 

Wameondoka. Nimekaa kwenye ngazi nikisikia kengele ya punda ikipungua, na hapo nikaona jambo ambalo hakuna mwingine ameliona. Mkokoteni wa Kiptum sasa hauna magurudumu! Umelala ghalani kwake. Kesho atabebaje maji? Na nani ana magurudumu matatu ya Noah nyuma ya banda, matundu yamekwisha kupanuliwa, tayari kwa mkokoteni? La nne liko ndani ya chai ya jirani. Nikiamka mapema nitalipata kabla ya Mosoti.

Calvince simuiti. Nati nitakaza mwenyewe.