Tairi la Nyuma Kulia

Chumba cha Uani,
Nyumbani kwako.
Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Baba Pacha,
Sebuleni.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TAIRI LA NYUMA KULIA, NA WOTE WALIOSHIRIKIANA NALO

Mkwe wangu mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo sebuleni, hatua kumi na nne kutoka mezani ninapoandikia. Najua ungependa nije tu tuongee. Lakini miaka kumi na moja tangu umwoe binti yangu, mimi na wewe hatujawahi kupandishiana sauti, na sioni kwa nini tuanze leo kwa sababu ya mpira. Mambo mepesi tutaongea mezani. Mambo mazito, mtu na mkwewe, yaende kwa maandishi. Isitoshe, nimekuwa katibu muhtasi miaka thelathini na miwili, mabosi saba wamepita mikononi mwangu, na mpaka leo sijui kukasirika vizuri bila karatasi.

Ningekuomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu, ila nakufahamu. Wewe barua yoyote huianza chini, kwenye sahihi, ndipo uamue kama inastahili kusomwa. Leo nakusihi uanze juu na ushuke nayo polepole.

Juzi Jumanne ulinikabidhi karatasi uliyoiandika kwa mkono, ukaniomba nikuchapie kwa taipureta yangu ili ipendeze. Nikajua ni barua ya benki. Kumbe ni barua ya kumwachisha kazi dereva wetu, Taratibu, kuanzia kesho Ijumaa. Makosa umeyaorodhesha matatu: (a) kuendesha kwa kasi ya hatari; (b) kutokagua upepo wa matairi; (c) kukaidi amri ya mwajiri mbele ya familia. Barua hiyo sijaichapa. Iko chini ya taipureta, inapumzika. Kabla haijaamka nina malalamiko yangu, na naomba yasikilizwe.

Kwanza turekebishe kumbukumbu, maana hadithi hii umeshawasimulia majirani mara nyingi, na kila ukiisimulia gari linaongeza mwendo. Jumamosi tuliwapeleka pacha shule ya bweni. Lile gari lako, ambalo mtaa mzima unaliita Ghorofa, lilikuwa na magodoro mawili juu, masanduku mawili ya bati nyuma, ndoo nne, na watu sita ndani. Jua lilikuwa la saa nane. Nyuma kulia, chini yangu kabisa, kukaanza kugonga: du, du, du. Taratibu akasema kuna kitu kinagonga, akaomba asimame aangalie. Wewe ukasema twende, geti la shule linafungwa saa kumi. Hatukufika mbali. Ngozi ya juu ya tairi ikabanduka nzima nzima, ikawa inalipiga bodi la gari kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango, kisha tairi lenyewe likapasuka. Ghorofa likaenda kushoto, likaenda kulia, likafikiria kulala. Ukapiga kelele akanyage breki. Hakukanyaga. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lichoke lenyewe mpaka likasimama mbele ya duka la mabati. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Pacha mmoja aliuliza kama inaweza kurudiwa.

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu kasi. Jina la Taratibu hakupewa na mama yake. Amepewa na abiria. Siku ya harusi ya dada yako tulifika watu wanakunja viti. Mwezi uliopita tulipitwa na mkokoteni wa matofali, na mwenye mkokoteni alitupungia mkono kwa kutuonea huruma. Wewe mwenyewe umewahi kulala ndani ya gari lile, ukaamka, ukauliza kama tumeshaondoka nyumbani. Kama mtu huyu anafukuzwa kwa kasi, basi naomba na konokono wa bustanini waandikiwe onyo, maana wamezidi.

2. Kuhusu mhusika mkuu. Katika barua yako tairi halikutajwa hata mara moja. Hili limenishangaza sana. Ni nani aliyeacha kazi katikati ya safari bila kutoa notisi? Ni nani aliyevua sare ya mwajiri na kuitupa barabarani mchana kweupe? Kwa nje lilikuwa linapendeza, meno yake marefu, limepakwa rangi nyeusi kila Jumapili, kumbe ndani lilikuwa limeshaachana na nafsi yake. Napendekeza barua ya kufukuzwa iandikwe kwa jina la tairi la nyuma kulia. Yale matatu yaliyobaki yapewe onyo la maandishi. Tairi la akiba, ambalo limening'inia chini ya gari miaka yote hii kimya kimya bila kuomba hata likizo, lipandishwe cheo.

3. Kuhusu ukubwa wa gari. Nilisema siku ulipolileta, ukacheka. Gari ambalo mama mkwe analipanda kwa kutumia stuli ya jikoni si gari, ni paa. Kitu kirefu kikikosa mguu mmoja kinayumba. Hata meza yetu ya kulia inalijua hilo. Naomba Ghorofa lipunguzwe sakafu moja. Ikishindikana, stuli irudi jikoni, binti yangu anakaa juu ya ndoo.

4. Kuhusu upepo. Hapa naomba uvue miwani uifute, kwa sababu ndipo penye uzito.

Umeandika kwamba upepo wa tairi ulikuwa mdogo. Nakubali, ulikuwa mdogo. Swali langu ni moja: tangu lini udogo wa upepo ukawa kosa? Hebu fikiri pamoja nami. Kinachopasuka ni nini? Ni kilichojaa. Siku ya kuzaliwa kwa pacha, maputo aliyoyajaza kaka yako kwa sifa yalipasuka yote kabla keki haijakatwa. Yale niliyoyajaza mimi nusu nusu yako chini ya kochi mpaka leo, mwaka wa pili huu, yana afya. Kwa hiyo tairi lenye upepo mdogo ndilo lililo mbali zaidi na kupasuka, na lile lisilo na upepo kabisa ndilo salama kuliko yote. Utaliona limetulia nyuma ya gereji miaka nenda miaka rudi, halijawahi kumdhuru mtu.

Tena upepo mdogo una huruma. Mimi nakaa siti ya nyuma kulia, juu ya gurudumu lile lile, na mgongo wangu una taarifa za kila shimo kati ya hapa na sokoni. Kuna siku gari linaondoka gumu kama benchi la mahakama, na kuna siku linaondoka laini kama godoro jipya. Siku za ulaini nimekuwa nikifika nikiwa mtu mzuri. Nimesifia hadi mboga za binti yangu, jambo ambalo uliliona na ukashangaa. Kumshtaki dereva kwa upepo mdogo ni kumshtaki mpishi kwa chakula kulainika.

5. Kuhusu amri. Nitalisema hili kwa heshima zote, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Siku ile amri zilitolewa mbili, zote na wewe. Ya kwanza, kwamba twende, Taratibu aliitii, na tairi likabanduka. Ya pili, kwamba akanyage breki, hakuitii, na sisi sote sita tuko hai. Hesabu sikuipenda hata shuleni, lakini kwa matokeo hayo, ningekuwa wewe ningepunguza amri.

Kutokana na hoja hizo, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya kesho. Taratibu apewe barua ya pongezi, nitaichapa bure. Matairi yote manne yapunguzwe upepo mara moja, kwa usalama wa familia, mpaka yafikie ulaini wa mto wa kulalia. Na ikiwa fundi ataona upepo ni jambo la hatari kiasi hicho, basi tuachane nao kabisa, matairi yajazwe pamba. Foronya zake nitashona mimi.

Nakuomba sana, Baba Pacha. Hapa sitanii. Yule kijana ana mke, ana mtoto wa miezi minne, na miaka sita hajawahi kukuchelewesha zaidi ya ulivyomzoea. Akitoka getini kesho na barua yako mkononi, nani atamwajiri dereva aliyeachishwa kwa sababu tairi lilipasuka na familia ndani? Hakuna. Na mimi sitaki kuwa mtu aliyeichapa barua hiyo.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie Mama Pacha hapo jikoni, mwambie chai ya leo ilikuwa na sukari ya kutosha. Wasalimie pacha ukiwapigia simu, waambie hairudiwi. Kaka yako msalimie, na umwambie suala la maputo sikulileta kwa ubaya. Jirani wa ng'ambo, aliyekwishasikia hadithi hii mara tano, mpe pole.

Ni mimi, katika kuijenga nyumba hii kutokea uani,

Mama Mkwe wako,
Katibu Muhtasi Mstaafu.

Nakala: Mama Pacha, jikoni.
Taratibu, getini.
Jalada.

Nyongeza:

Kazini nilifundishwa kwamba barua ikishasainiwa haichanwi. Leo nimetamani sana kuichana hii.

Nilipomaliza kusaini nilichukua mwavuli nikaenda kwa fundi matairi pale kona, anithibitishie kwa maandishi hoja yangu ya nne. Tairi letu bado liko kwake, limeegemezwa ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaona sicheki, akaacha. Akanionyesha ndani ya tairi, palipoungua. Akaniambia tairi lenye upepo mdogo hukunjika kila linapozunguka, maelfu ya mara kwa safari moja; linapata joto, gundi inalegea, na ngozi ya juu inaanza kuachana na nyaya za ndani kidogo kidogo. Ukiliongezea mzigo na jua la saa nane, linamalizikia hapo. Akasema ugonjwa huu haukuanza Jumamosi. Una miezi mingi.

Kisha akaniambia na jingine, bila kujua anamwambia nani. Kila wiki Taratibu alikuwa akimpelekea gari, tairi hilo hilo limepungua. Walilitumbukiza kwenye maji mara tatu kutafuta tobo, hakikutoka hata kiputo kimoja. Wakabadilisha valvu. Mwishowe Taratibu alikuja akamwambia fundi asihangaike tena, awe anajaza tu. Tobo ameshaliona, alisema, lakini si la kuzibwa, ni la kuheshimiwa.

Baba Pacha, tobo hilo ni mimi.

Sindano yangu ya kufumia, ile nyembamba, ukiibonyeza katikati ya valvu ukahesabu mpaka ishirini, siti ya nyuma kulia inakuwa godoro. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Jumamosi Taratibu alikuwa ameshajaza upepo asubuhi mapema. Mlipokuwa mnafunga mizigo juu ya gari, mimi nilihesabu mpaka sitini, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Jumatatu ulipomsimamisha sebuleni ukamuuliza upepo ulikwenda wapi, nilikuwa nimekaa pale pale nafuma. Nikajiambia upepo mdogo haujawahi kumuua mtu, nikanyamaza. Yeye aliangalia ile sindano mkononi mwangu, akaangalia sakafu, akakwambia samahani bosi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Wajukuu zangu wawili walikuwa ndani ya gari lile, na binti yangu.

Kwa hiyo hoja ya nne ifute, na pamba usinunue. Matairi yote yajazwe upepo anaoutaka fundi, mgongo wangu utajijua. Kama umeanza kusoma huku chini, kama kawaida yako, huna haja tena ya kupanda juu.

Sindano nimeiambatanisha kama kielelezo. Na ile barua uliyonipa nimeshaichapa. Kosa la (a) na la (c) nimeyaondoa, limebaki la (b) peke yake, na penye jina la Taratibu nimeweka langu. Inasubiri sahihi yako.