Suti Moja Mpaka Napoli

Jumanne, 6 Mei. Torino

Mkoba uko tayari. Nimeunyanyua kwa kidole kimoja! Ndani: shati la akiba, chupi, soksi, mswaki, kipande cha sabuni ya kufulia na kamba. Mwilini: suti yangu nyeupe ya kitani. Basi. Mtu anayejua kufua hahitaji sanduku. Anahitaji sinki.

Ornella, binti wa dada yangu, ameandika kutoka Napoli kwamba nyumba yao ni ndogo, tusije na mizigo mikubwa. Jumapili mwanawe Elio anabatizwa, na mimi, mjomba, ndiye baba wa ubatizo. Heshima hii nimeisubiri tangu nilipoanza kuota mvi. Sharti ni moja tu, la Nunzia, mama mkwe wake: baba wa ubatizo asimame mbele ya padri akiwa safi, utosini mpaka unyayoni. La sivyo kuna ami.

Ami ni Ottavio, mdogo wa baba yake Ornella. Tunasafiri pamoja. Ana sanduku la ukubwa wa friji, lina magurudumu na bado linamtoa jasho. Suti tatu! Nilipomuuliza za nini, akasema huwezi jua, shemeji. Mimi najua sana. Anasubiri niteleze.

Jumatano, 7 Mei. Bologna

Tumeshuka hapa kwa sababu Ottavio hawezi kupita Bologna bila kula. Alikula tambi sahani mbili, akaagiza ya tatu ili alinganishe. Yeye hakudondosha hata tone. Mimi mchuzi umenirukia kifuani. Hakuna shida. Ndiyo maana nina mbinu.

Katika nyumba ya wageni kuna tangazo juu ya sinki: marufuku kufua chumbani. Hilo ni la wageni wa kawaida. Nikafungulia bomba, nikaimba kwa nguvu kufunika mlio wa maji. Mama mwenye nyumba akagonga mlango, akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni furaha tu. Akasema basi nifurahi polepole, kuna watu wamelala.

Kukausha ni sayansi. Unalaza shati juu ya taulo, unavikunja pamoja kama mkeka, unapanda juu, unakanyaga. Taulo linakunywa maji yote. Taulo la hapa lilishiba mapema, nikaazima la Ottavio bila kumsumbua kwa kumwomba. Alipotoka kuoga ilibidi ajifute kwa pazia. Hajalalamika. Mtu anayenyamaza hivyo ana mpango.

Alhamisi, 8 Mei. Roma

Shati limeamka bichi. Nimelivaa hivyo hivyo, la akiba nimelitunzia kanisa. Nilipopiga chafya, Ottavio alinitakia afya kwa sauti ya mtu anayehesabu siku za mgonjwa.

Lakini soksi! Kwa soksi nilikuwa na wazo zuri kuliko yote. Tulipanda treni ya zamani, ya vituo vyote, ambayo madirisha yake bado yanafunguka. Nikazifunga kwa kamba, pea zote, nikazitoa nje zipate upepo wa bure. Abiria wenzangu walinitazama kwa heshima. Kisha tukaingia kwenye handaki. Tulipotoka upande wa pili nilikuwa nimeshika kamba.

Ottavio alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Akafungua sanduku, akanionyesha soksi zimepangwa kama mikate dukani, akaniambia nichague. Nikakataa. Ukikubali soksi leo, kesho unakabidhi mtoto.

Nimenunua pea mpya kwa muuzaji nje ya stesheni. Za buluu, iliyokolea kabisa. Nilimuuliza kama zinachuja. Akaniapia kwa mama yake: "Zikichuja, njoo uchukue mguu wangu." Mtu hasemi hivyo kama hana uhakika na bidhaa yake.

Ijumaa, 9 Mei. Napoli

Ushindi! Ngazi za kwa Ornella ni nyembamba, na sanduku la Ottavio limekwama kwenye kona ya pili. Wanaume wa kichochoro kizima walikuja kusukuma, na kila mmoja alikuwa na maoni. Likarudishwa chini. Ottavio analala kwa Nunzia, ghorofa ya chini yetu. Mimi nalala juu, chumba kimoja na mtoto. Mkoba wangu nimeuning'iniza kwenye kitasa.

Nunzia amenizunguka kama anakagua samaki sokoni. Akauliza kama suti hii ilikaa ndani ya treni au treni ilikaa juu ya suti. Nikamjibu kwamba hii ni ya safari tu, ya kanisani iko mkobani. Akautazama mkoba. Akasema lazima nina mkono mzuri sana wa kukunja.

Elio alinishika kidole akakataa kuachia. Ornella akasema, "Mjomba, huyu amekuchagua mwenyewe." Nilijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni. Sitaki ami amshike mtoto huyu mbele ya padri. Sitaki kabisa.

Jumamosi, 10 Mei. Napoli

Siku nyeusi. Niseme siku ya buluu.

Mpango ulikuwa safi. Ornella na mumewe, Ciro, walikwenda kuchukua keki. Nikavaa joho la kuogea la Ornella, lenye maua. Nikajaza beseni la kuogea, nikatumbukiza suti, shati na soksi kwa pamoja, kwa sababu mtu makini hapotezi maji. Nikaenda kumbembeleza mtoto. Niliporudi, maji yalikuwa na rangi ya bahari ya Capri.

Suti yangu nyeupe! Si kwamba imekuwa buluu, hilo lingevumilika. Imekuwa na mabaka. Nikajipa moyo kwamba jua la Napoli hupausha chochote, nikaifunga kwenye kamba ya dirishani na kuivuta mpaka katikati ya kichochoro.

Sasa, hapa kabla hujatoa nguo inayochuruzika unainama dirishani na kuita: chini kuna nguo? Unasubiri jibu. Hata watoto wanajua. Kwetu Torino mtu hapayuki dirishani kuhusu nguo zake, na tena anayeishi chini ni Nunzia mwenyewe. Ningeita, angejua kwamba suti ni moja. Nikanyamaza.

Chini kulikuwa na nguo. Kulikuwa na gauni la ubatizo.

Gauni alilobatiziwa Ciro, na baba yake, na babu yake. Jeupe, la lesi, limetolewa kabatini lipigwe na upepo. Nilisikia ukelele mmoja, kisha hatua za Nunzia kwenye ngazi. Nilifungua mlango nikiwa na joho la maua. Alinionyesha gauni. Matone ya buluu kutoka kola mpaka pindoni. Alisema tu, "Kesho mtoto atashikwa na ami yake."

Amelisugua kwa limau na chumvi mchana kutwa. Halitoki. Mimi nimekaa ukingoni mwa beseni na nimelia kidogo, na safari hii hakukuwa na vumbi.

Jumapili, 11 Mei. Napoli

Naandika huku naimba kwa furaha.

Asubuhi Nunzia alilitundika gauni dirishani kwa mara ya mwisho, labda jua lingemhurumia. Don Liborio, kinyozi wa ng'ambo ya kichochoro, alikuwa anafungua duka. Akainua macho. Akaacha mlango nusu wazi, akasimama katikati ya kichochoro na kuita watu. Eti leo timu yetu ya Napoli inacheza, ikishinda inachukua ubingwa, na gauni la mtoto wa Ciro limeshukiwa na buluu ya timu usiku! Madirisha yote yakafunguka. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Mmoja akauliza ni mkono wa nani umefanya hivi.

Ciro akasema ni wa mjomba wa mke wake, kutoka Torino. Watu wakatazamana, kwa sababu Torino nako kuna timu. Kisha Don Liborio akatamka kwamba kama hata Torino imeleta buluu, basi mambo yamekwisha. Aliyeileta ndiye amshike mtoto, wakataka wote. Nunzia akasema hata yeye aliona dalili hiyo tangu jana, ila alisubiri wengine waione.

Nilibaki na tatizo dogo. Suti mbichi yenye mabaka, na joho la maua. Ottavio akaja na sanduku lake, safari hii amelitoa vitu nusu ndipo likapita. Nilidhani amekuja kunicheka. Akaniambia, "Mtoto ni wako, shemeji. Suruali chagua." Suti yake ilinibana kifuani na suruali ikanipwaya kiunoni, tukaikaza kwa kamba yangu ya kufulia. Kwa hiyo nayo ilikuwa na kazi!

Nimemshika Elio. Hakulia hata maji yalipomgusa. Alinitazama mimi.

Jioni timu imeshinda. Kina mama watatu wamepanda ngazi na nguo za watoto wao, wakiomba nitundike soksi zangu za buluu juu yake.

Jumatatu, 12 Mei. Treni ya kurudi

Nimevaa shati la Ottavio, suruali ya Ottavio, koti la Ottavio na soksi za Ottavio. Nguo zangu zimebaki Napoli, kichochoro kimekataa kuziachia. Mkoba hauna kitu. Mwepesi ajabu!

Nimetafakari safari nzima na jibu ni wazi: nilikosea kubeba shati la akiba. Safari ijayo naenda na sabuni peke yake. Nimemshauri Ottavio kwa upendo aache lile sanduku nyumbani, kwa maana wiki nzima nimemthibitishia kwamba mtu anaweza kusafiri bila nguo na akasimama kanisani kama mfalme.

Ameniuliza shati nililovaa ni la nani. Sijaona swali hilo linahusiana vipi na mazungumzo yetu.