Mashine Yenye Homa

Calist alikuwa anakula mhogo wa kuchoma nyuma ya soko la vitunguu alipoiona foleni. Foleni si kitu kigeni Singida mjini, lakini hii ilikuwa ya watu walionona, wenye raba safi miguuni na taulo mabegani, wamesimama mita moja moja kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kila mmoja alifika kwenye ndoo yenye koki, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko, akaipandisha barakoa yake, ndipo akaingia. Jimu ya Bi Hajira ilikuwa imefunguliwa jana yake, baada ya korona kuifunga miezi mitatu.

"Hawa wote wanaogopa kufa," akawaza Calist, "na hawa wote wana chochote mfukoni."

Akausahau mhogo. Mbwa akaukumbuka.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Calist alitakiwa Kinampanda, kwa wazazi wa mchumba wake Luciana, na ng'ombe wawili wa kutangulia mahari. Asipofika nao, Jumapili baada ya misa angekwenda kuposa Emilian, mwenye mashine yake mwenyewe ya kukamua alizeti, na Emilian hajawahi kuchelewa popote tangu azaliwe. Ng'ombe wa Calist mpaka saa hiyo walikuwa bado wanachungwa mdomoni mwake.

Lakini Ulemo kulikuwa na tajiri mmoja, Laurenti, mwenye kitambi cha kutangulia mlangoni. Daktari wa kweli alimwambia atembee kila siku, naye akaona aibu mtu mwenye magari mawili kuonekana anatembea. Akatangaza kwamba atakayemletea mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba, atampa mtamba na dume. Na mashine kama hiyo Calist alikuwa akiiona kwa macho yake, kupitia dirisha la Bi Hajira, mwanamke mmoja akikimbia juu yake bila kufika popote.

Saa nne asubuhi akarudi akiwa daktari. Koti jeupe aliazima kwa rafiki yake wa buchani, na doa la damu mfukoni akalifunika kwa kalamu tatu. Mkononi alishika kidude cheupe chenye namba na waya mrefu, alichokinunua mnadani bila kuuliza kazi yake. Alichojua ni kwamba kikipata joto kinalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nawa kwanza," akajibu Bi Hajira.

Daktari akanawa.

"Mimi ni Daktari Calist, Kitengo cha Joto."

"Kitengo cha Joto!" akapumua Mzee Hezekia, karani mstaafu aliyekuwa ananyoosha mgongo wake dirishani. Mzee huyu alisikiliza redio kutwa nzima, na aliamini yote, mpaka matangazo ya sabuni.

Calist akakagua kwa macho ya kitaalamu. Madirisha yako wazi? Vizuri, upepo wa Singida ni dawa. Kila mtu na taulo lake? Vizuri. Vyuma vinafutwa kwa maji ya sabuni kila mtu akimaliza? Vizuri sana. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeona jeneza.

"Ila mashine zenyewe, mama, mmezipima?"

"Mashine nazo zinapimwa?"

"Mama yangu! Humu ndani nani anashikwa na watu arobaini kwa siku?"

Watu wakatazamana juu ya barakoa. Kweli, nani?

Akaugusisha waya kwenye vyuma vya kunyanyua. Kimya. Akaugusisha kwenye baiskeli isiyo na magurudumu. Kimya. Kisha akapiga magoti mbele ya mashine ya kukimbilia, ambayo ilikuwa imekimbiliwa nusu saa mfululizo na mama wa kilo tisini, akaupenyeza waya chini ya tumbo, penye mota.

Piiiii!

Mzee Hezekia akaruka nyuma mita mbili, moja zaidi ya ile waliyoagizwa.

"Arobaini na moja," Calist akasema kwa sauti ya msibani. "Angekuwa binadamu, hapo ndugu wangeshaitwa."

"Maskini! Na jana ilikuwa nzima," akasema Hezekia.

"Jana ilikuwa inakoroma," akadakia yule mama wa kilo tisini. "Mimi nikadhani ni mkanda."

"Huanzia kifuani," akasema Calist. "Itengwe siku kumi na nne. Msihangaike, guta langu la mizigo liko nje, naipeleka mwenyewe."

Bi Hajira akakichukua kile kidude mkononi mwa Calist. Akakigeuza, akaufuata waya kwa kidole mpaka ncha, akakitazama kwa upole, kama mtu anayemtambua mtoto wa jirani aliyehama zamani.

"Hakikosei hiki?"

"Hakijawahi."

"Basi mimi sibishani na utaalamu. Itengwe."

Moyo wa Calist ukacheza ngoma. Ng'ombe wakatoka mdomoni, wakaanza kutembea.

"Ila daktari," Bi Hajira akaendelea taratibu, "wewe umeigusa tumbo. Na glavu huna."

Mzee Hezekia akainua kidole juu. "Redioni walisema! Aliyemgusa mgonjwa naye anatengwa! Siku zile zile!"

"Mimi nina kinga, mzee wangu."

"Tukupime," akasema Bi Hajira. Akamtia waya kwapani, na kidole gumba chake kikabonyeza kitu nyuma ya kidude, mara mbili.

Piiiii!

Ukitaka kujua upendo wa watu wa Singida, uugue mbele yao. Kabla Calist hajamaliza kusema "subirini", alikuwa ndani ya stoo yenye kidirisha cha nondo, kona moja yeye juu ya mkeka, kona nyingine mashine, katikati mita moja iliyopimwa kwa kamba. Simu yake ilichukuliwa, isije ikaambukiza mtandao. Guta likaondoka tupu. Mlango ukafungwa kwa komeo, na Bi Hajira akainama kwenye tundu la ufunguo.

"Kidude hiki, mwanangu, ni cha mashine ya kutotolesha vifaranga," akanong'ona. "Yai likizidi joto, kinalia. Nimetotolesha kuku miaka kumi na tisa kabla sijajenga jimu. Lala salama."

Asubuhi ya Ijumaa simu ya Calist ikalia mkononi mwa Bi Hajira. Alikuwa Laurenti: mashine ya kukimbilia aliyoahidiwa imefikia wapi? Bi Hajira akajibu kwamba ipo, tena imetunzwa ndani. Kabla ya swala ya Ijumaa lori likawa limefika, likashusha mtamba mwekundu na dume lenye baka jeupe usoni, likapakia mashine.

"Imepona?" akauliza Mzee Hezekia.

"Imeruhusiwa."

"Kwa siku moja?"

"Chuma, mzee. Si kama sisi."

Calist aliyaona yote kupitia nondo. Ng'ombe wake walifungwa kwenye mti mbele ya macho yake, wakawa wanatafuna bila haraka. Na mara tatu kwa siku Mzee Hezekia alimletea nyungu ya kujifukizia, ya mikaratusi na malimao, akamfunika blanketi zito, akahesabu dakika kwa sauti.

Jumamosi ilipopambazuka Calist akashika nondo, akapiga kelele mpaka vyuma vikaacha kulia ukumbini.

"Jamani, mimi si daktari! Koti ni la buchani! Nilikuja kuiba mashine!"

Watu wakasimama midomo wazi ndani ya barakoa. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu aingie pale.

"Anaweweseka," akasema Bi Hajira kwa huzuni.

"Homa imepanda kichwani," akaitikia Hezekia, machozi yakimlenga. "Kijana msomi vile! Ongezeni majani!"

Saa sita akafika Luciana. Usiku wa jana yake alipiga simu kuulizia ng'ombe, akapokelewa na Bi Hajira. Akasimama mita moja kutoka kidirishani, mikono kiunoni.

"Calist. Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mwongo, Luciana."

"Hilo nalijua tangu ulipomwambia baba una shamba Kinyangiri. Nilitaka nione kama utalisema. Ng'ombe wako wapi?"

"Si hao hapo nyuma yako! Mnunuzi nilimpata mimi!"

"Na mashine ilikuwa ya nani?"

Calist akaitazama kona tupu ya stoo. Luciana akamgeukia Bi Hajira.

"Mama, siku zake zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili."

Luciana akamtazama Calist, akaelekea kama anataka kucheka, kisha akakaza barakoa.

"Amalizie," akasema. "Mimi nawahi Kinampanda, kesho tuna mgeni."

Calist akabaki ameshika nondo mpaka vumbi la pikipiki iliyombeba lilipotulia. Mzee Hezekia akaingia na chungu kinachofuka, akamkalisha, akamtupia blanketi. Mule gizani mabega ya Calist yakaanza kutikisika, maji yakamtiririka mashavuni mpaka kidevuni, na nje ya blanketi mzee akawa anampigapiga mgongo kwa furaha.

"Vuta, daktari, vuta! Huo ndio ugonjwa, unatoka!"