Kamati ya Usafi wa Galaksi

Umma unatangaziwa kwamba galaksi zote zilizo chini ya uangalizi wa Idara ya Anga zitakuwa safi kabla ya ziara ya Mheshimiwa Waziri.

Tangazo hilo lilibandikwa hadi kwenye mlango wa choo, na Mkurugenzi, aliyelitunga mwenyewe, alilisoma kila alipopita na kuliona halina kasoro. Hakuwa mtu wa mzaha. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, Waziri ndiye mwenye neno la mwisho, na nyumbani mkewe alikuwa ameshapeleka kitambaa kwa fundi.

"Baba watoto, usije ukaniaibisha," alimwambia asubuhi. "Gauni limeshakatwa."

Sasa hapo mtu atalala vipi?

Tatizo lilikuwa picha. Darubini ya Idara, kule mlimani, hainasi mwanga wa kawaida. Inanasa joto: mawimbi ambayo jicho haliyaoni, marefu kuliko ya mwanga lakini hayafiki milimita moja. Ilikuwa imenasa galaksi ya mbali kupindukia, inayong'aa kuliko jirani zake wote, na picha yake ndiyo ingezinduliwa. Ila mtaalamu wa darubini, dada ambaye hata mumewe alimwita Bi Darubini, alikuwa ameipa picha jina: "Galaksi Yenye Vumbi Jingi."

Mkurugenzi akamwita ofisini. "Vumbi! Mheshimiwa ndiye mlezi wa kampeni ya usafi. Unataka nimwonyeshe uchafu?"

"Bosi, hilo vumbi ndilo linalong'aa. Ndani yake nyota zinazaliwa kwa fujo. Vumbi linameza mwanga wa hizo nyota, linapata joto, na joto hilo ndilo tunalolipiga picha."

"Basi toa vumbi, tubaki na galaksi."

"Ukitoa vumbi hubakiwi na kitu."

"Dada yangu, usinifundishe usafi. Mimi nimetoka Idara ya Taka. Na mkubwa ni jalala. Lawama zote zitamwagwa kwangu."

"Nakuomba, bosi. Hakuna aliyewahi kuiona galaksi hii."

Mkurugenzi alimhurumia kama viongozi wanavyohurumia watu: akaunda kamati.

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaazimia kwa kauli moja kwamba vumbi liondolewe kwa awamu. Awamu ya kwanza galaksi ilififia, na kamati ikapongezana. Awamu ya pili kikabaki kidoa. Mjumbe mmoja akauliza kama si heri waishie hapo. Akaulizwa naye yuko upande wa nani. Mwishowe picha ikawa nyeusi tii. Wakaitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, yenye kioo kilichosuguliwa hadi nzi wakateleza. Bi Darubini akaagizwa akae nyuma na asitie neno.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pomoni. Pazia likavutwa. Waziri akasogea, kipaza sauti mkononi, mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mkurugenzi alikuwa ameinama kando yake kwa adabu, macho yameganda kwenye viatu vya Mheshimiwa.

"Galaksi iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa. Tumeisafisha."

Waziri akakodoa macho. "Mimi naona giza. Halafu hapa katikati pana kitu. Kikubwa, cha mviringo, kimevimba huku na huku."

Mkurugenzi aliliona gauni la mkewe likirudi kwa fundi. Lakini hakuinua kichwa. Kiongozi hachunguzi uchafu, anautolea tamko.

"Mheshimiwa, huo ni uchafu sugu," alisema kwa sauti ya ushupavu. "Umekaa hapo miaka mingi, hauna faida yoyote, na unawazibia wengine mwanga. Nakuahidi mbele ya umma: utaondolewa kabla ya jioni."

Waziri akarekebisha tai yake. Kile kitu nacho kikarekebisha tai.

Na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Watu wakasimama, wakapiga makofi, na hawakutaka kuacha.