Faili la Ukarabati wa Choo

Jumatatu, 3 Machi
Faili langu la utumishi limepotea leo, saa tatu asubuhi. Nimelipoteza mwenyewe. Kazi safi! Miaka kumi na tisa naendesha masjala hii, nilianzia kwenye ufagio, leo analetwa Binti wa Kompyuta na mashine ya kupiga picha mafaili, eti rafu zangu haziaminiki. Haya. Likipotea moja wakati wake, tutaona nani haaminiki. Nimechagua langu kwa kuwa halijawahi kuulizwa na mtu. Karatasi zake zote nimezichomeka katikati ya "Ukarabati wa Choo". Faili nene kama godoro. Choo chenyewe bado kibovu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwarifu Bosi, kwa masikitiko, kwamba kuna faili limeyeyuka. Akauliza la nani. Langu. Akashika kichwa. Kumbe kamati ya vyeo inakaa Alhamisi, na jina langu ndilo la kwanza: mkuu wa masjala! Bila faili, wanaruka kwa anayefuata. Anayefuata ni Binti.

Jumatano, 5 Machi
Nimewahi kazini kabla ya mfagizi, nizichomoe karatasi zangu. Choo hakipo! Kwenye nafasi yake kuna kadi: limechukuliwa na Binti. Nikamwendea kwa upole. "Hilo nilianza nalo jana, baba, maana ndilo nene kuliko yote," akasema. Limeshaingia kwenye mashine, lenyewe liko stoo, ufunguo anao Bosi. Nyumbani mke wangu akauliza mbona sili. Nikasema ni mambo ya choo. Akanikorogea maji ya chumvi na sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Kamati. Binti akaandika jina langu kwenye kompyuta. Kufumba na kufumbua, barua yangu ya ajira hiyo, kati ya bei za masinki na makadirio ya mabomba. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, taratibu, nani hushika mafaili haya.
"Mimi peke yangu, mheshimiwa. Hakuna karatasi inayohama humu bila mkono wangu."
Cheo kapewa Binti.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwandikia mkuu mpya wa masjala barua rasmi. Nakala nimeichomeka ndani ya "Uzio wa Nyuma", faili ambalo hakuna atakayeligusa. Nataka anijibu moja kwa moja, bila kuzungukazunguka: nani alitia karatasi zangu chooni? Jibu liwe mezani kwangu Jumatatu, kabla ya saa kumi kamili.